Baada ya Utepe Kukatwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, wenyeviti na wahazini wa kamati za maji, mabwana na mabibi afya, mafundi, walimu, ndugu zangu wote. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimepewa nusu saa. Aliyenialika aliniomba nizungumzie upatikanaji wa maji safi na salama pamoja na usafi wa mazingira katika jamii zenye kipato duni, kichwa cha habari kirefu kuliko bomba lenyewe. Nitajitahidi. Kabla sijaanza, naomba mnijibu kwa mikono. Nani humu anakumbuka kisima au bomba analochota maji lilizinduliwa na nani?

(Ukumbi karibu wote ukainua mikono.)

Ahsanteni. Sasa nani anajua spana ya kufungulia pampu hiyo iko nyumbani kwa nani?

Mmoja. Wawili. Na mama yule pale nyuma, watatu. Nawaona. Nyinyi watatu msiondoke mpaka mwisho, nina haja nanyi.

Yote niliyokuja kuyasema leo yamo katikati ya mikono ile mingi na hii mitatu.

Kazi ya maji nimeifanya miaka mingi. Nusu ya miaka hiyo nilikuwa najenga, na nusu nyingine nikitengeneza nilivyovijenga mwenyewe. Katika safari hiyo nimeona mara nyingi jiwe la uzinduzi likiwa na afya njema kuliko pampu. Marumaru inang'aa, jina la mheshimiwa linasomeka kwa mbali, na hatua tatu pembeni mpini umelala, nyasi zimeota kwenye mfereji wa kutolea maji, mbuzi amejipatia sakafu ya saruji ya kupumzikia. Ukiuliza kulikoni, jibu ni moja: mradi ulikufa. Ukifungua pampu unakuta kilichokufa ni mpira mmoja wa pistoni, kidude kinachoenea kiganjani.

Mwaka 1977 mataifa yalikutana Mar del Plata, Argentina, na kutokana na mkutano ule miaka ya 1981 hadi 1990 ikatangazwa kuwa muongo wa kimataifa wa maji ya kunywa na usafi wa mazingira. Lengo lilikuwa kila mtu awe na maji salama ifikapo 1990. Mwaka 1990 ukafika, ukapita. Nisiwe mwizi wa fadhila: visima vilichimbwa kwa wingi, na watu wengi walipata maji ambayo wazazi wao hawakuyaota. Lakini wenzetu waliofuatilia pampu za mkono vijijini, Afrika kusini mwa Sahara, walikadiria mwaka 2009 kwamba zaidi ya theluthi moja ya pampu zilizohesabiwa zilikuwa zimesimama. Wakati tunashangilia kisima kipya upande huu, upande wa pili kisima cha jana kinanyauka, na takwimu zetu zinavihesabu vyote viwili kama mafanikio.

Mafundi walijaribu kutafuta dawa. Miaka ya 1980 ikazaliwa Malawi na Kenya pampu inayoitwa Afridev, na waliousanifu muundo wake walikuwa na wazo la busara sana: mwanakijiji aweze kuifungua na kuifunga mwenyewe, kwa spana moja, bila winchi wala gari la wilayani. Ni pampu nzuri, naisifu mbele ya yeyote. Hata hivyo nayo ilisimama, kwa sababu ambazo hazimo kwenye chuma. Yule kijana aliyefundishwa ukarabati alihama kwenda kutafuta maisha. Kipuri kilikuwa kinauzwa mji wa mbali. Fedha za kamati zilikuwa zimekopeshwa, na aliyekopeshwa ni ndugu wa mwenyekiti. Mnacheka! Basi nimewagusa.

Tena mfikirieni fundi mwenyewe. Pampu moja inaharibika labda mara mbili kwa mwaka. Nani atajifunza ufundi ambao unamlipa mara mbili kwa mwaka? Ukimpa fundi pampu moja, umempa heshima bila riziki. Ukimpa pampu hamsini za eneo zima, kila kamati ikachangia kidogo kila mwezi pampu ikiwa nzima au mbovu, hapo ana kazi, ana pikipiki, ana vipuri kwenye kabati. Kule Kyuso, Kenya, watafiti walifunga kifaa kidogo ndani ya mpini wa pampu, kikawa kinatuma ujumbe kwa mtandao wa simu kila mpini unapotembea. Mpini ukinyamaza, fundi anajua. Muda wa kusubiri matengenezo, ambao ulikuwa wa wiki kadhaa, ukashuka hadi siku chache. Kifaa kile kina mvuto, magazeti yalikipenda. Mimi namtazama zaidi yule fundi aliyekuwa analipwa kuja.

Na siku chache zile si jambo dogo. Pampu ikisimama, mama hasubiri mkutano wa kamati. Anarudi kwenye dimbwi jioni ileile. Mtoto aliyekunywa maji mazuri miezi kumi na moja na maji ya dimbwi wiki mbili anaugua kwa zile wiki mbili. Ndiyo maana sipendi kuulizwa "mmejenga visima vingapi?" Niulizeni mwaka jana maji yalikosekana siku ngapi.

Sasa nitoe takwimu, kwa kuwa najua waandishi wa habari wameshatoa kalamu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2022 watu bilioni 2.2 hawakuwa na huduma ya maji ya kunywa inayosimamiwa kwa usalama. Upande wa vyoo ni bilioni 3.5. Watu milioni 419 walikuwa bado wanajisaidia vichakani, ufukweni, kando ya reli, popote pale. Zingatieni maneno hayo "inayosimamiwa kwa usalama", maana yamebeba mzigo mzito: maji yawe nyumbani au uani, yatoke wakati unayahitaji, na yasiwe na vijidudu vya kinyesi wala kemikali za hatari. Ngazi iliyo chini yake, inayoitwa huduma ya msingi, inakubali utembee, mradi kwenda, kupanga foleni na kurudi kusizidi nusu saa. Nusu saa kwenye karatasi ni fupi. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji kabla hujahesabu dumu lenyewe. Familia ya watu watano ikitaka lita 50 kwa kila mtu, kiwango ambacho wataalamu wa afya wanakiona kinatosha kunywa, kupika, kuoga na kufua kwa kubanabana, hayo ni madumu kumi na mbili na nusu. Zidisha kwa nusu saa. Anayebeba mnamjua, na mara nyingi muda huo alitakiwa awe darasani.

Tunasema "safi na salama" kwa pumzi moja kana kwamba ni pacha. Si pacha. Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, walichimba visima vya bomba kwa wingi ajabu ili watu waachane na maji ya mabwawa yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara. Maji yalitoka meupe, ya baridi, hayana harufu. Ungeyaweka kwenye bilauri ukampa mgeni bila aibu. Mwaka 1993 ikathibitika kwamba kwenye mashapo ya chini ya ardhi mlikuwa na arseniki, sumu ya asili, nayo ilikuwa inayeyukia ndani ya maji yale. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Visima vingi vilipatikana vimevuka 50. Watu walikuwa wameinywa miaka na miaka, ngozi zikianza kuota madoa na sugu. Baadaye timu zilipita kisima kwa kisima, zikapima na kupaka rangi: nyekundu usinywe, kijani kunywa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Waliangalia ugonjwa waliokuwa wanaujua na hawakupima wasioujua. Nawasihi, kisima kikichimbwa kwenu, msikubali kupokea ufunguo bila karatasi ya vipimo vya maabara. Na mwaka unaofuata ombeni nyingine.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Maji yanaweza kutoka salama bombani yakafika mdomoni yamechafuka. Dumu lililooshwa kwa mchanga wa njiani, mtungi wa mdomo mpana, kikombe kinachochovywa na kila mkono unaopita. Chombo chenye mdomo mwembamba na koki kinafanya kazi kubwa kuliko mabango kumi. Klorini nayo inasaidia sana, ikitiwa kwa kipimo: baada ya nusu saa maji yabaki na miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, maana hiyo iliyobaki ndiyo inayoyalinda mpaka yatakaponywewa. Ladha yake watu hawaipendi, na sitawadanganya kwamba wataizoea kesho. Pia maji yakiwa na tope, dawa inaishia kupigana na tope, chuja kwanza. Na arseniki haijui klorini, wala floraidi, madini mengine ya ardhini, haiijui. Kila ugonjwa na dawa yake.

Nije kwenye pesa, mahali ambapo hotuba nyingi hupita kwa haraka.

Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba maji salama na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono, 41 hazikuelemea upande wowote, hakuna iliyopinga. Naifurahia kura ile. Ila haki haina spana. Mtu wa kununua klorini, mtu wa kulipa umeme wa kusukuma maji, mtu wa kubadilisha bomba lililooza, hao lazima walipwe na mfuko fulani. Tukisema "maji ni bure", tunasema tu kwamba hatujataja mfuko. Kinachofuata mnakijua: bomba linakauka, maskini anakwenda kununua kwa mwenye mkokoteni, na kwa kila lita analipa zaidi ya tajiri mwenye bomba jikoni. Maskini hajawahi kupata maji ya bure. Hulipa kwa shingo, kwa masaa, kwa ugonjwa, au kwa noti moja moja kila asubuhi.

Kwa hiyo mimi ni wa wanaosema alipe, ila alipe kwa haki, na aone fedha yake ilikokwenda. Afrika Kusini mwaka 2001 walianza sera ya kuipa kaya lita 6,000 za mwanzo kila mwezi bila malipo, yaani lita 25 kwa siku kwa kila mtu katika kaya ya watu wanane, anayetumia zaidi ndiye alipe. Inabishaniwa mpaka leo, hasa kwenye kaya zenye watu wengi, lakini angalau imetaja kiwango na imetaja nani anabeba gharama. Kwetu sisi wa kamati ndogo, wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari. Bandikeni mapato na matumizi kwenye ukuta wa kibanda cha maji, kwa herufi kubwa. Wezi hawapendi herufi kubwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Phnom Penh, Kambodia. Mwaka 1993, baada ya vita vya miaka mingi, mamlaka ya maji ya mji ule ilikuwa inapoteza asilimia 72 ya maji yake. Mengine yalivuja, mengine yaliibwa, mengine yalitumiwa na wakubwa ambao hawakuwahi kuona ankara. Wafanyakazi wenyewe walikuwa wanauza maunganisho ya pembeni. Akapewa uongozi mhandisi anayeitwa Ek Sonn Chan. Alianza kufunga dira za maji kila mlango, na hakuruka milango mikubwa. Amesimulia jinsi alivyokwenda kufunga dira kwa jenerali mmoja wa jeshi akaelekezewa bastola kichwani. Aliondoka, akarudi na askari na waandishi wa habari, akakata maji. Kadiri miaka ilivyopita, upotevu ulishuka chini ya asilimia 10, kiwango ambacho miji mingi ya nchi tajiri inakitamani. Na hapa ndipo nataka msikie: fedha zilizookolewa kwa wakubwa ndizo zilizowezesha kaya maskini kuunganishiwa maji kwa ruzuku, au kulipa kidogo kidogo. Maskini wa Phnom Penh hawakukosa maji kwa sababu mto ulikuwa mdogo. Mto ulikuwepo siku zote, unapita palepale.

Nimeona mmoja anaangalia saa. Bado sijagusa choo, na bila choo hayo yote ni kujaza pakacha.

Hakuna mheshimiwa anayepigania kuzindua choo. Nani atakata utepe mlangoni mwa choo halafu apigwe picha akitoka? Ndiyo maana pengo la vyoo ni kubwa kuliko la maji katika zile takwimu. Wengi wenu mmesikia kisa cha London mwaka 1854, daktari John Snow, mtaa wa Broad Street: kipindupindu kinaua, yeye anafuatilia vifo, anaona vimekusanyika kuizunguka pampu moja, anashawishi mpini uondolewe. Ni kisa kizuri, nasi watu wa maji tunakipenda kwa kuwa shujaa wake ni mpini wa pampu. Sehemu inayosahaulika ni ya mchungaji Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakuamini maneno ya Snow, akaenda nyumba kwa nyumba ili amkosoe. Alichokikuta ni kwamba katika nyumba iliyo jirani na pampu mtoto mchanga alikuwa ameugua kuhara kabla ya mlipuko, na mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nepi kwenye shimo la majitaka mbele ya nyumba. Walipochimba, wakakuta matofali ya shimo yameoza, na umbali kati yake na kisima haukufika hata mita moja. Pampu haikuwa na kosa. Lile shimo ndilo lililoua mtaa.

London yenyewe haikuharakisha. Serikali ilijenga mtandao mkubwa wa majitaka baada ya kiangazi cha 1858, pale mto Thames uliponuka kiasi kwamba wabunge walilowesha mapazia ya bunge kwa dawa ili waweze kupumua. Sheria ya fedha ikapita kwa siku zisizofika ishirini, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi. Miaka kumi na zaidi maskini walikuwa wanakufa kwa maelfu, ikaonekana ni jambo la kusikitisha. Harufu ilipofika puani kwa wakubwa, likawa jambo la dharura. Sisemi zaidi ya hapo, mgeni rasmi yupo.

Basi tukiweka choo cha shimo, tusikiweke popote penye nafasi. Kanuni inayotumika sana ni walau mita 30 kutoka kwenye kisima, na kitako cha shimo kiwe mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, na penye mteremko choo kiwe chini ya kisima, kisiwe juu. Penye mchanga mkubwa au miamba yenye nyufa hata mita 30 hazitoshi, kwa hiyo muiteni mtu ausome udongo.

Kuhamasisha watu wajenge vyoo tumejifunza mengi. Tanzania, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima kwa makundi kuzunguka redio, wakisikiliza, wakijadili, halafu wakitoka kwenda kuchimba. Karibu mwaka 2000, Bangladesh, mtaalamu wa Kihindi Kamal Kar alianza njia nyingine: usigawe chochote, watembeze wanakijiji wenyewe mahali wanapojisaidia, wachore ramani yake mavumbini, waone nzi anavyotoka kule anatua kwenye sahani. Mara nyingi mtu mmoja husimama na kusema, "Kumbe tunakulana kinyesi!" Na kazi inaanza hapohapo. Njia hii imeenea nchi nyingi na imefanya makubwa. Wasiwasi wangu ni pale aibu inapogeuzwa fimbo ya kumchapia mjane asiye na nguvu za kuchimba. Kijiji kinachomzomea bila kumchimbia hakijajifunza kitu.

Lakini narudi kwenye wimbo wangu. Choo kimejengwa, sawa. Kikijaa?

Hapa nina la kukiri. Zamani nilisimamia ujenzi wa vyoo vya shule moja, matundu kumi, milango ya kufungwa kwa ndani, sehemu ya wasichana ina chumba cha kubadilishia na maji ya kunawa. Nilijivuna navyo. Wasichana walianza kuja shule hata siku za hedhi, mwalimu mkuu aliniambia hivyo kwa mdomo wake. Baada ya miaka minne nikapita pale kwa shughuli nyingine, nikakuta kufuli kubwa kwenye kila mlango. Mashimo yamejaa. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika, kwa kuwa mimi nilichora vyoo nyuma kabisa ya madarasa, uchochoroni, ili visionekane. Watoto wamerudi kwenye vichaka. Hakuna aliyeniuliza siku ya michoro "gari litapita wapi?" na mimi sikujiuliza.

Mijini mambo ni mazito zaidi. Nyumba zimebanana, shimo likijaa hakuna pa kuchimba jingine. Kinachofuata wengine wenu mnakijua kwa jina: kutapisha. Mvua kubwa inaponyesha usiku, mtu anatoboa pembeni ya shimo, na uchafu unafuata maji barabarani mpaka mlangoni kwa jirani. Au wanaitwa vijana wanaoingia shimoni na ndoo, usiku, bila glavu wala buti, kwa malipo ya kudharauliwa, na mchana hakuna anayewasalimia. Hewa ya shimo inaua. Mtu anazimia, mwenzake anaingia kumwokoa, naye anabaki humohumo. Hao ni watumishi wa afya ya umma kama nesi alivyo. Wanastahili pampu za kusukuma kwa mkono zinazopita vichochoroni, mavazi, chanjo, na mahali halali pa kumwaga walichokitoa.

Hilo la mahali pa kumwaga msilichukulie kama mkia wa habari. Miezi mitatu tu baada ya ile kura ya haki ya maji ya mwaka 2010, kipindupindu kililipuka Haiti, nchi ambayo haikuwa imekiona kwa vizazi. Chanzo kilifuatiliwa mpaka kwenye kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa wenyewe, ambako majitaka hayakusimamiwa vizuri yakafika kwenye kijito kinachoingia mto Artibonite. Karibu watu 10,000 walikufa. Desemba 2016 Katibu Mkuu, Ban Ki-moon, aliwaomba radhi watu wa Haiti. Kambi ile ilikuwa na vyoo, jamani. Kilichokosekana ni mpango wa kinachotoka chooni.

Inawezekana kufanya vizuri pasipo utajiri. Orangi, eneo kubwa la makazi yasiyo rasmi mjini Karachi, Pakistan, mzee Akhter Hameed Khan alianza kazi mwaka 1980. Watu walikuwa wanaisubiri serikali iwajengee mabomba ya majitaka. Yeye akaigawa kazi mara mbili: choo cha nyumbani na bomba la kichochoro vijengwe na wakazi kwa fedha zao, kichochoro kwa kichochoro, nyumba ishirini au thelathini pamoja, wakimchagua msimamizi wao, bomba kuu na kituo cha kusafishia vibaki kwa serikali. Wataalamu wake walitoa vipimo na mafunzo, hawakutoa saruji. Gharama ikashuka mno, kwa sababu hapakuwa na mkandarasi wa katikati wala rushwa ya kumpata. Kaya elfu nyingi zikaunganishwa. Na bomba likiziba usiku, hakuna anayemsubiri ofisa: kila mwenye kichochoro anajua limepita wapi, kwa kuwa alishika sururu siku lilipolazwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema kila siku. Mwenye kuziba ufa huwa hazinduliwi, hapigwi picha, na bajeti nyingi nilizoziona hazina hata mstari wake. Mheshimiwa, ombi langu kwako ni hilo tu: bajeti ijayo iwe na mstari wa vipuri na mafundi, na mstari wa kuhudumia vyoo vilivyojaa, na mistari hiyo isiguswe pale fedha za mradi mpya zinapopungua. Kamati za maji, mimi nawaombeni kabla ya mkutano ujao mje na karatasi moja: kila kituo cha maji, siku zake za ukame mwaka huu, na jina la anayekitengeneza.

Muda wangu umekwisha, na mshereheshaji ameshasimama. Nimeona maswali yanaanza kuinuka upande wa mbele. Naomba radhi kwa wakubwa, lakini kipaza sauti kianzie nyuma, kwa wale watatu wanaojua spana iko wapi. Mama, karibu. Pampu yenu iliharibika mara ya mwisho lini, na ulifanyaje?